Kasuku wa mtumba: mwaka mzima na transponda ya GTX 327 kwenye Cessna yetu

Transponda yetu ya zamani, kisanduku cha ndani ya ndege kinachoijibu rada, haikufa siku moja. Ilizeeka kama babu aliyeziba masikio na hataki kukubali: ukimuuliza la shamba, anajibu la mjini. Ilikuwa KT 76A ya Bendix/King, ile yenye nobu nne za kuzungusha na taa ndogo inayokonyeza kila mara inapojibu rada. Nobu ya tatu ilikuwa imelegea. Unaweka 3, macho yanaona 3, kumbe ndani imekwenda kukaa kwenye 4. Unaruka kutoka Kajjansi kuelekea ziwani na mwongoza ndege wa Entebbe anakwambia, kwa Kiingereza kile kikavu cha redio, uthibitishe namba yako. Unasoma uliyoiona. Anakwambia uiweke upya. Unazungusha mbele, unarudisha nyuma, unaigonga kidogo kwa kidole. Dakika moja ya kimya. Kisha: "Thibitisha namba yako."

Ndege hiyo, Cessna 172 iliyozaliwa kabla yangu, tunaimiliki watu watatu: mimi ninayeirusha na kufundishia, daktari mmoja wa meno wa Jinja, na mfanyabiashara wa mbao wa Arua ambaye Kiswahili chake cha mpakani kinanichekesha kila siku, na changu cha Bukoba kinamchekesha yeye zaidi. Tulikutana chini ya mwembe, kila mtu na rolex yake ya chapati na mayai mkononi, tukaamua kwamba aibu imetosha. Mfanyabiashara aliuliza swali moja tu: "Kapteni, hii kodi mnayoizungumzia kila siku ni kodi gani?" Marubani wengi hapa huiita hivyo ile namba, kodi, na kwake yeye kodi ni moja tu, ile ya mamlaka ya mapato, ambayo jengo lake refu liko Nakawa.

Kwa hiyo nieleze kidogo kwa ajili yake na wenzake. Rada ya kuongozea ndege haikuoni tu kama doa. Inakutumia swali kwa masafa ya megahezi 1030, na kisanduku kilicho kwenye dashibodi yako kinajibu kwa megahezi 1090. Jibu la kwanza ni namba yenye tarakimu nne ambayo mwongoza ndege amekupa ili akutofautishe na wengine. Jibu la pili, kama umekiruhusu, ni mwinuko wako. Kila tarakimu ni kuanzia 0 hadi 7; hakuna 8 wala 9 kwenye namba hizi, ndiyo maana jumla yake ni 4,096 na si zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi Soroti, mwalimu alikuwa na mtego wake: anakupa namba yenye 8 kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha anakaa kimya kukutazama unavyoihangaikia nobu isiyofika.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa KT 76C, ndugu mdogo wa ile ya zamani. Uzuri wake ni kwamba inaingia kwenye fremu ileile ya 76A. Unachomoa moja, unasukuma nyingine, unakwenda zako. Ya pili ilikuwa GTX 327 ya Garmin, ambayo inataka fremu yake na nyaya zake, maana yake gharama ya fundi. Tulichagua ya pili, ya mtumba, kwa dola 1,150 kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo, bila kuhesabu usafirishaji, ushuru na kazi ya kufunga. Ilikuja na karatasi ya ukaguzi na harufu ya sigara za mtu mwingine.

Sasa nina mwaka mzima nayo. Nitasema niliyoyaona.

Jambo lililonifanya niipende lilitokea siku ya kwanza, bado tuko chini, injini haijawashwa. Unapobonyeza tarakimu ya kwanza ya namba mpya, ile ya zamani haifutiki kwenye jibu. Unabonyeza ya pili, ya tatu, bado kisanduku kinajibu kwa namba ya zamani. Ni pale tu unapobonyeza ya nne ndipo namba mpya inaanza kazi, yote kwa pamoja.

Asiyewahi kutumia nobu ataona hili ni jambo dogo. Chukua mfano huu. Uko na 1700, unaambiwa uweke 7200. Kwenye KT 76A mkono unakwenda wenyewe kwenye nobu ya kwanza, kwa sababu tumezoea kusoma kutoka kushoto. Unaizungusha hadi 7. Kwa sekunde hizo, kabla hujaigusa nobu ya pili, ndege yako inatangaza 7700, yaani uko kwenye hatari. Hukusema neno, hukukusudia, lakini umepiga yowe. Dawa yake kwenye nobu ni kuanza na tarakimu ya pili: kutoka 1700 kwenda 1200, kisha 7200. Tunafundisha hivyo, na wanafunzi wanasahau hivyohivyo, kwa sababu mtu anayetikiswa na mawingu ya mchana juu ya ziwa hana nafasi ya kupanga hesabu za nobu. GTX 327 imeondoa tatizo hilo kabisa.

Wapo wanaosema dawa ni kurudisha swichi kwenye STBY kila unapobadili namba. Mimi sipendi. Ukiwa kwenye STBY kisanduku hakijibu mtu yeyote: rada inakupoteza, na ndege kubwa zenye mfumo wa kuzuia kugongana, ambazo zinakuuliza maswali hayohayo ya transponda, nazo zinakupoteza. Kajjansi iko njiani kati ya Kampala na Entebbe. Unaweza kuwa unashughulika na nobu zako hapo huku CRJ ya Uganda Airlines ikishuka kuufuata uwanja. Kupotea machoni pake kwa sababu ya adabu ya nobu si jambo la kujivunia.

Hata hivyo hiyo tarakimu ya nne ina upande wake wa pili. Hakuna kitufe cha kuthibitisha. Ukishaibonyeza, umekwisha sema. Ukikosea tarakimu ya pili au ya tatu na ukagundua mapema, kitufe cha CLR kinakurudisha nyuma hatua moja moja, na CRSR kinafuta jaribio zima. Lakini ukiwa mtu wa haraka kama mimi, vidole vinatangulia macho. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu, na wanafunzi wangu wanaujua hadi wanauigiza wakinywa chai: rudia kwa sauti namba uliyopewa, bonyeza tatu, pumua, bonyeza ya nne, soma kwenye skrini ulichobonyeza na si ulichokusudia.

Skrini yenyewe ni nzuri. Jua letu la saa saba likiingia kutoka upande wa kushoto bado unaisoma bila kukinga kwa mkono. Kila inapojibu, herufi R inajitokeza, na nimegundua kwamba herufi hiyo ni rafiki mzuri wa safari. Ukishuka kuelekea Kihihi, milima inapojipanga kati yako na rada, R inapungua, inakuja kwa kudonoa, inatoweka. Kisanduku hakijaharibika, hakuna anayekiuliza. Mara moja moja inawaka tena ukiwa humo bondeni, na hapo unajua kuna ndege kubwa inapita juu yako na mfumo wake unauliza nani yuko chini.

Mtu asiyeifahamu R hufikiri transponda imekufa, anaanza kuizima na kuiwasha. Nilimkuta mwenzangu mmoja akifanya hivyo Pakuba, ndege imesimama, injini imezimwa, swala wanamtazama.

Niseme habari ya mzee wangu fundi, maana bila yeye tathmini hii ingekuwa ya matusi matupu. Ni mtu wa pwani, nywele zimekuwa nyeupe zote, amegusa redio za ndege tangu enzi ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza ilikuwa bado hai. Yeye huiita transponda kasuku. Siku nilipomuuliza kwa nini, aliweka chini bisibisi. "Binti yangu, jina si langu. Wakati wa vita vya pili vya dunia Waingereza walikuwa na kifaa cha kuijulisha rada kwamba ndege hii ni yetu, si ya adui. Wakakipa jina la siri, Kasuku. Sasa kasuku akisema, anafanyaje? Anapiga kelele. Kwa Kiingereza kelele hizo ni skwoki, ndiyo hiyo skwoki mnayoambiwa kila siku mnapopewa namba." Akachukua bisibisi tena. "Na kasuku hana akili. Anarudia ulichomfundisha."

Pale Entebbe, kwenye bustani za mimea, kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu bado wanapita asubuhi wakipiga hizo kelele zao. Siku hizi nikiwasikia namkumbuka yeye.

Karakana iliyotufungia GTX 327 haikuwa yake. Sitaitaja. Walikuwa na foleni fupi na bei nafuu, nasi tulikuwa na haraka. Walifanya makosa mawili, na yote mawili yananifundisha kitu kuhusu kifaa chenyewe, ndiyo maana nayaeleza.

La kwanza ni kitufe cha VFR. GTX 327 ina kitufe kimoja ambacho ukikibonyeza kinaweka moja kwa moja namba ya ndege inayoruka kwa kuona, bila kupewa namba na mtu. Ukikibonyeza tena, kinarudisha namba uliyokuwa nayo. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba kikitoka kiwandani kimewekewa 1200, na 1200 ni namba ya Marekani. Utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni kwamba usipopewa maelekezo na mwongoza ndege, wala hakuna makubaliano mengine ya eneo hilo, unaweka 2000. Nchi nyingi za Ulaya zina 7000 kwa wanaoruka kwa kuona. Kwa hiyo kitufe kimoja, taratibu tatu, majibu matatu, na kisanduku chetu kilikuwa bado kiko Kansas, nyumbani kwa Garmin, kwa mawazo.

Wiki ya pili nilikuwa na kijana wa Gulu, mwanafunzi makini, tunarudi kutoka upande wa Jinja. Aliona neno VFR, akajua sisi tunaruka kwa kuona, akabonyeza. Ni kosa la kimantiki kabisa. Mimi mwenyewe sikushtuka hadi sauti ya Entebbe ilipotuuliza tunaonyesha namba gani. Kijana akasoma kwenye skrini kwa heshima zote: moja, mbili, sifuri, sifuri. Kimya kifupi. Tukapewa namba yetu tena, polepole, kama unavyompa mtoto chenji dukani. Kijana alinigeukia. "Kapteni, nimefanya nini?" Nikamwambia hajafanya kitu, kitufe ndicho mgeni hapa.

Kubadilisha ile 1200 ni kazi ya fundi, kwenye kurasa za mipangilio ambazo rubani hatakiwi kuzigusa, na mzee wangu aliimaliza kabla chai yake haijapoa. Kama unanunua ya mtumba, hili liwe swali lako la kwanza unapokabidhiwa ndege: kitufe cha VFR kinaweka namba gani? Waambie wakibonyeze mbele yako, kisanduku kikiwa STBY.

La pili lilikuwa baya zaidi, na hapa ndipo GTX 327 ilipojilipia.

Kifaa hiki hakipimi mwinuko chenyewe. Kinategemea enkoda, kikopo kidogo kilichojificha nyuma ya dashibodi, kinachosoma shinikizo la hewa na kukiletea transponda mwinuko kwa hatua za futi mia mia. Ya kwetu ni ya mtindo wa zamani: rundo la nyaya nyembamba, kila waya umebeba sehemu yake ya namba. Karakana ile ilihamisha nyaya hizo kutoka kwenye plagi ya zamani kwenda mpya.

Siku hiyo tulitoka Entebbe na abiria wawili kuelekea magharibi, tukipanda hadi futi 6,500. Tukiwa karibu 5,800 mwongoza ndege akaniuliza niko mwinuko gani. Nikamsomea altimita, ile saa ya dashibodi inayoonyesha mwinuko. Akasema usomaji wangu si sahihi, niache kutuma mwinuko. Nikabonyeza ON badala ya ALT, ambayo maana yake ni: endelea kujibu namba, lakini nyamaza kuhusu mwinuko. Watu wengi hawajui kazi ya ON. Wanaiona ni hatua ya kupita tu kwenda ALT. Kazi yake ni siku kama hiyo. Mwinuko wa uongo ni mbaya kuliko kukosa mwinuko, kwa sababu ndege nyingine itakukwepa kwa hesabu ya uongo huo.

Tulipofika 6,500 nikabonyeza FUNC hadi kwenye ukurasa wa mwinuko, kuona kisanduku kinaona nini. FL 064, yaani futi 6,400. Kwa hesabu ya 1013, nitakayoieleza mbele, ni sahihi kabisa. Nikajisikia mjinga. Nikafikiri labda rada ndiyo iliyokosea. Lakini tulipokuwa tunarudi jioni, ALT bado imezimwa, niliuacha ukurasa ule wazi wakati wa kushuka. Ndipo nikaona kioja. Altimita inashuka, namba ya kwenye skrini inapanda. FL 063, 064, 065, sisi tunakwenda chini, kasuku anakwenda juu. Kisha ikaruka kwa mkupuo mmoja hadi chini ya tulipo, ikaanza kupanda tena hadi ikakutana na ukweli, ikatulia, ikasema kweli kwa futi elfu moja hivi, halafu ikaanza uongo upya. Nilipogusa lami ya Entebbe, ambayo iko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, skrini ilisema FL 029.

Nilimpigia mzee wangu palepale, hata mikanda sijafungua. Nilimpa shikamoo, nikamsomea namba moja moja. Alicheka hadi akakohoa. "Waya mmoja, binti yangu. Ule unaobeba hatua ya futi mia tano. Haujagusa." Akaniambia njoo kesho. Kesho yake alichomoa plagi ya nyuma, akavuta kila waya kwa vidole viwili kama mtu anayevuta mvi. Mmoja ukatoka wenyewe. Pini yake haikuwa imefungwa ndani. Iliingia nusu, ikakaa kama imekaa.

Sasa fikiria tungekuwa bado na KT 76A. Ile haina skrini ya mwinuko. Ningeambiwa na mwongoza ndege kwamba nasema uongo, na nisingekuwa na njia ya kuuona uongo wangu. Ningelipa watu wapime kitu kimoja baada ya kingine. Hapa kifaa chenyewe kilinionyesha kinachokisema kwa watu. Kwangu mimi hilo peke yake ni nusu ya bei.

Kosa langu, na nalikiri: asubuhi ile kabla ya kuruka, FL 029 ilikuwa tayari inanisubiri, ila skrini ilikuwa kwenye ukurasa wa saa ya safari. Siku hizi ukurasa wa mwinuko ndio wa kwanza kuutazama. Unaweka altimita kwenye 1013, shinikizo la hewa la kawaida lililokubaliwa duniani kote, unalinganisha. Lazima iwe 1013, kwa sababu transponda haijui wala haijali QNH uliyopewa, yaani shinikizo la hewa la hapo ulipo siku hiyo. Daima inatuma mwinuko kwa hesabu ya 1013, na kompyuta ya rada ndiyo inayorekebisha upande wake. Wanafunzi wangu wote hushtuka mara ya kwanza: QNH ni 1018, altimita inasema karibu futi 3,780, skrini inasema FL 036. "Mwalimu, hii imeharibika." Haijaharibika, geuza altimita hadi 1013 uone.

Mengine kwa haraka. Ukiiwasha, inaamka na namba ya mwisho iliyotumika. Yaani namba ya jana, ambayo leo pengine amepewa mtu mwingine. Kwenye orodha yetu ya ukaguzi nimeandika kwa kalamu nyekundu: futa ya jana. Vitufe vya 8 na 9 vipo, lakini si vya namba, vinapunguza na kuongeza ukolezi wa skrini, na vinawachanganya wageni kama ule mtego wa Soroti. Saa za kuhesabu mbele na nyuma ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Natumia ya kuhesabu nyuma kubadili tangi la mafuta. Kitufe cha IDENT kinang'arisha alama yako kwenye rada kwa sekunde kama 18, na kinabonyezwa ukiambiwa, si kabla. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyekibonyeza kila alipomsalimia mwongoza ndege, kama kupunga mkono. Nia njema, ila yule bwana anapomuuliza rubani mwingine ajitambulishe na ninyi mnang'aa, mmempoteza. Na antena, ile mbenuko ndogo chini ya tumbo la ndege, ioshwe. Viwanja vya murramu vya mikoani vinairushia tope, na injini yetu inaitemea oili. Mara mbili nimeambiwa jibu langu ni hafifu, na mara zote mbili kitambaa kilitosha.

Kuhusu namba zile tatu za dharura ambazo kila rubani anazijua: 7700 tumeshaiona. 7600, ya redio iliyokufa, nilikaribia kuitumia mwezi wa nne, mvua kubwa, redio kimya ghafla. Vidole vilikuwa tayari kwenye 7. Kisha nikaangalia plagi ya hedifoni. Abiria alikuwa ameivuta kwa goti. Anza na plagi. Na ukumbuke kwamba kama umeme wote umekwenda, transponda nayo imekwenda. 7600 ni ya redio iliyokufa kwenye ndege yenye umeme. Ile 7500, ya kutekwa nyara, huwa siielezi sana. Nampeleka mwanafunzi Entebbe, namwonyesha upande uliko uwanja wa zamani, namwambia 1976, Air France, wiki nzima ya mateka. Hapo hakuna anayetaka kuijaribu kwa mchezo. Ninachoongeza ni kwamba ukiiweka kwa bahati mbaya utaulizwa uthibitishe, na hapo ukanushe mara moja na kwa maneno wazi, kwa sababu ukimya wako utachukuliwa kuwa ni ndiyo.

Kasoro kubwa ya GTX 327 ni kwamba ni kifaa cha kizazi kilichopita. Inajua namba na mwinuko, basi. Haina Modi S, ule mtindo mpya zaidi wa kujibu rada ambao kila ndege ina utambulisho wake yenyewe, na haitangazi mahali ulipo. Mama yangu kule Bukoba aliwekewa na mjukuu programu ya kufuatilia ndege kwenye simu, akawa anaona za mashirika yote zikipita juu ya ziwa, yangu haoni. Alinipigia usiku. "Mwanangu, mbona wewe huonekani? Au umeacha kazi hutaki kuniambia?" Nilimweleza habari za Modi S kwa dakika kumi. Akasema sawa, ila ninunue ile inayoonekana.

Na ana haki. Kama una fedha ya kifaa kipya, au unavuka mipaka kwenda kwenye anga zinazodai Modi S, usinunue hii; utakuwa umelipa ufungaji mara mbili. Kama ndege yako ni ya kufundishia na safari za ndani, bajeti ni ya watu watatu wanaobishana juu ya rolex, na una fundi unayemwamini, inunue. Lakini fundi kwanza, kisanduku baadaye. Sisi tulifanya kinyume.

KT 76A hatukuitupa. Iko juu ya meza yangu ya kufundishia, imekatwa nyaya, nobu ya tatu bado inacheza kama jino la mtoto. Jana yule kijana wa Gulu alikuwa anaisubiri mvua ikatike, akaivuta karibu. Nikamwambia: uko na 1700, nipe 7200. Mkono ukaenda nobu ya kwanza, ukasimama hewani, ukarudi kwenye ya pili.